Ekzosi Tuliyoiziba kwa Udongo wa Kichuguu

Jamani, aibu yangu afadhali niiseme mwenyewe, maana kule Ushirombo kwa wakwe zangu kila ikifika harusi wanaisimulia wao, na wanaitia chumvi, eti nililala katikati ya kuku. Sikulala katikati ya kuku. Nilitapikia viatu vya baba mkwe, hilo ni kweli, tena siku ya kwanza anaponitia machoni, tena nimevaa tai.

Nianze na gari. Wakati ule nilikuwa nimeacha kazi ya shimoni kule Geita, nimefungua kibanda cha spea za baiskeli Kahama, na kitu pekee cha kuonekana nilichotoka nacho machimboni ni gari dogo la zamani, ubavu mmoja buluu, ubavu mwingine kutu, na ekzosi yake ilikuwa imeoza kuanzia chini ya kiti cha nyuma mpaka mwisho. Ukiliwasha mtaa mzima unajua. Majirani waliliita Mashine ya Kusaga, na kuna mama mmoja aliwahi kunifuata na debe la mahindi kichwani akaniuliza foleni inaanzia wapi (alikuwa ananitania, ila mahindi yalikuwa ya kweli).

Hapo ndipo nikampata Sayi, binti aliyekuwa anashona nguo kibanda cha tatu kutoka changu, mtu wa kucheka taratibu, na mimi nilishaamua kwamba huyu nikimkosa sioi tena, narudi zangu shimoni. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee ni katekista, mtu wa sala, na pombe hataki hata kuisikia inatajwa. Mchumba wa kwanza wa dada yake Sayi alirudishwa kabla hajakaa kwenye kiti kwa sababu alinuka. Sayi akanikalisha chini wiki ile tuliyopangiwa kwenda kuposa, akanieleza vizuri.

"Baba hana neno na umaskini wa mtu," akasema. "Ila akikuona mhuni siku ya kwanza, siku ya pili haipo."

Akaongeza kwamba gari langu lisisikike pale kwao, maana kelele zile na uhuni kwa baba yake ni kitu kimoja. Sasa mtu mwenye akili timamu angepanda basi. Lakini mimi nilitaka wakwe waone nina gari, yaani walione bila kulisikia, na ndugu zangu, hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Kesho yake ndiyo safari, naenda kwa fundi wa kuchomelea, umeme hakuna, fundi amekaa anatafuna karanga ananiambia nije Jumatatu. Narudi nyumbani kichwa chini, namkuta mama ameshafika kutoka Shinyanga. Mama yangu anaishi huko, mtaa wa Kambarage, anatengeneza majiko ya udongo na kuyauza, na kwake yeye hakuna kitu duniani kilichotoboka kisichozibika. Nikamweleza. Akavua viatu.

"Nimeziba majiko tangu hujazaliwa," akasema, "bomba la moshi ndilo litanishinda?"

Akanituma nikachimbe udongo wa kichuguu, akauponda, akauchanganya na majivu na samadi ya ng'ombe (mwenye kujua majiko anajua, samadi ndiyo inazuia nyufa), mimi nikakata kopo la maziwa ya unga nikalifunga kwa waya kwenye tundu kubwa, nikalala chini ya gari huku mama amechuchumaa ananipa matonge mkononi kama mtu anayemlisha mgonjwa. Tukapaka tundu, tukapaka viungo. Udongo ukabaki, na mama yangu hatupi kitu, kwa hiyo akazunguka nyuma mwenyewe akapaka na mdomo wa bomba pale moshi unapotokea, akaulainisha kwa kidole cha maji mpaka ukapendeza, ukabaki mdomo mdogo kama wa kibuyu. Niliuona. Nikasema mama anajua.

Na hapa nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mtu wa shimoni. Shimoni ukiiteremsha mashine ya kuvuta maji ukaiwasha huko chini, wenzako wanaweza kukupiga, kwa sababu kila mchimbaji anajua moshi wa injini mahali palipozibwa haupigi hodi, unakulaza tu. Nimeshawahi kukataa kushuka shimo kwa sababu hiyo, nikaitwa mwoga na nikakubali woga wangu. Lakini inaonekana akili ya shimoni niliiacha shimoni, maana tulipowasha gari asubuhi likanguruma kwa upole kama paka, majirani wakatoka kuuliza kama limekufa, mimi nikavimba kichwa.

Safarini tulikuwa watatu. Mimi naendesha, mbele kakaa Mzee Luhende, rafiki wa marehemu baba, ndiye mshenga wetu, na mama kakaa nyuma na kitenge chake kipya, miguu juu ya kapeti nililolitandika kuficha sakafu iliyoliwa na kutu. Kwenye lami tulikwenda na vioo wazi, upepo unatupiga, Mzee Luhende anafanya mazoezi ya maneno yake ya posa na mama anamsahihisha. Raha tupu. Tulipoiacha lami tukashika njia ya vumbi kwenda kijijini kwao Sayi, lori likatupita, vumbi likaingia lote, na mama akasema funga vioo, mimi sifiki kwa wakwe nimefanana na kichuguu. Nikafunga. Vyote, mpaka kile kinachogoma nikakisukuma kwa kiganja.

Gari likawa zito. Nakanyaga mafuta haliendi, nikasema ni mchanga. Kukawa na harufu ya samadi inayochomeka, tukaambiana ni udongo unaiva, mama akafurahi kabisa, akasema ukishaiva hapo hautoki. Basi harufu ile ikafunika kila harufu nyingine. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasema ni njaa, kisha nikasema ni woga wa ukweni. Mzee Luhende, ambaye hata kanisani hanyamazi, alianza methali moja akaiacha katikati, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba amepumzika. Nikamtazama mama kwenye kioo, ameinamisha kichwa. Nikasema kalala, mzee wa watu ameamka mapema.

Tukaingia uwanjani kwa katekista kimya kimya kama nilivyotaka. Wanawake wakapiga vigelegele, viti vimepangwa, wazee wamekaa, Sayi nyuma ya mlango anachungulia. Nikashuka, na ardhi ikawa haipo pale ninapoikanyaga. Nikajikaza. Baba mkwe akasimama, mrefu, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, akanyoosha mkono, akasubiri nimwamkie kama mtoto aliyelelewa. Nikafungua mdomo kusema shikamoo.

"Marahaba," nikasema.

Vigelegele vikakatika. Mzee alikuwa hajaniambia kitu, na hata angeniambia, mimi ni nani wa kumwitikia baba wa mchumba wangu marahaba? Nikataka kurekebisha, na badala ya neno ikatoka chai na maandazi yote ya asubuhi, juu ya vile viatu.

Nikageuka kumtafuta mshenga aniokoe. Mzee Luhende ameshafika kwenye mkeka wa wazee, na badala ya kusema tumekuja kuomba jiko la kijana wetu, akawaambia amechoka sana, anaomba mto, akajilaza pale pale na viatu vyake. Mama nilimtoa garini kwa kumshika kwapa, anatabasamu tu, anaitikia vigelegele ambavyo vilishakoma. Mbuzi wa shughuli amefungwa pale anatutazama, na nadhani hata yeye alikuwa anatuonea huruma.

Baba mkwe hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alifuta kiatu kwa jani, akasema, "Kijana, umeleta walevi kwangu, mpaka mama yako. Rudini mlikotoka."

Nikamwona Sayi anajifunika uso kwa khanga. Nilitaka kujitetea na ulimi hauendi, na kila neno lililotoka lilizidi kuwa la mlevi. Basi nikatii. Vijana wakamnyanyua Mzee Luhende wakamrudisha kitini mwake, nikamrudisha mama nyuma, nikafunga milango, na vioo nikaviacha vile vile vimefungwa. Safari hii haikuwa vumbi. Ilikuwa aibu, sikutaka mtu atuone.

Nikawasha, nikarudisha nyuma kwa pupa, na udongo wa mama ukasalimu amri. Kopo lilifyatuka, waya ukakatika, ekzosi ikaanguka upande mmoja ikachimba ardhi kama jembe la ng'ombe, gari likakwama hapo hapo, na Mashine ya Kusaga ikarudi kwa sauti yake yote mbele ya kanisa zima la nyumbani. Kuku wakaruka, mbuzi akakata kamba akaondoka, watoto wakalala chini kwa kucheka. Nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

Sasa sikieni. Mama Sayi, mama mkwe wangu, alikuwa hajatamka neno tangu tufike. Lakini kwao mgeni hata akifukuzwa hafukuzwi na njaa, hasa mama mwenzako aliyetoka mbali, kwa hiyo alikuwa ameingia jikoni akajaza kikapu kidogo cha matobolwa, yale ya viazi vikavu, atupe ya njiani. Gari lisingekwama asingetuwahi. Akaja nyuma yetu, akafungua mlango wa mama, akanyoosha kikapu, na mama hakunyoosha mkono. Moshi ukatoka mlangoni, unapanda kutoka chini ya kapeti. Akainama, akaweka pua karibu na mdomo wa mama yangu.

"Baba Sayi," akaita, "huyu mama hajanywa. Huyu mama anakufa."

Hapo ndipo akili yangu ya shimoni iliporudi, nayo imechelewa. Ule mdomo mdogo wa kibuyu ulikuwa umeurudisha moshi nyuma, ukapenya kwenye udongo na kutuingilia kupitia sakafu iliyoliwa na kutu. Nilizima gari nikapiga kelele kwamba ni moshi, tutoeni nje, na yule mzee niliyemchafulia viatu ndiye aliyefika wa kwanza, akamchukua mama yangu mikononi mzima mzima, akamlaza chini palipo na upepo, akawa anampepea kwa kofia yake huku anasali kwa sauti. Midomo ya mama ilikuwa imelegea. Niliita mayu, mayu, kama nilivyomwita nikiwa mdogo, na hakuitika. Nilishasahau Sayi, nilishasahau posa. Nilikuwa nimemuua mama yangu kwa udongo alioukanda mwenyewe kwa ajili yangu.

Ikaitwa pikipiki, mama akawekwa katikati, Sayi nyuma kamkumbatia, wakaondoka mbio kwenda kituo cha afya, sisi wengine tukafuata kwa pikipiki nyingine. Mzee Luhende upepo ulimzindua njiani, akaniuliza tumeshafika ukweni. Mama aliwekewa hewa ya mtungi, na mimi nikakaa kwenye benchi la barazani na tai yangu, nalia bila kujificha.

Baba mkwe akaja akakaa kando yangu. Viatu vyake bado vilikuwa na alama. Akawa anageuza kofia mikononi.

"Nilikuwa nawafukuza mkafie njiani," akasema. "Na Jumapili ningesimama mbele za watu niwaombee walevi."

Nilishuka kwenye benchi nikapiga magoti pale sakafuni, nikasema ile niliyoikosea asubuhi. Shikamoo, baba. Akaniwekea mkono kichwani, akasema marahaba, mwanangu, na neno lile la pili sikulitegemea. Nikalia upya.

Jua lilipopoa Sayi akatoka ndani anacheka na kulia pamoja. Mama amefumbua macho, na neno lake la kwanza ameuliza kama tumeshaongea mahari au bado. Posa yangu ikamaliziwa pale pale kituoni, mama kwenye kitanda, wazee wamesimama ukutani, Mzee Luhende akasema maneno yake yote bila kukosea na ile methali akaimalizia, na tulikula matobolwa ya kikapu kile kwa sababu hakuna aliyekuwa amekula.

Ekzosi nyingine ilichomelewa na fundi mwenye umeme, sakafu ikawekwa bati, na mama amekatazwa na ukoo mzima kugusa gari lolote. Wabeja mama mkwe, asante sana, namwambia kila mara, na ananiambia ninyamaze. Wabeja hata lile bomba bovu, lingekuwa imara nisingekuwa hapa nawasimulia. Mimi niliapa sitaziba tena kitu chochote kinachotoa moshi, na vioo vya gari langu havijafungwa tena kwenye njia ile, kiangazi wala masika, anayeogopa vumbi apande basi.

Kwa hiyo tukienda ukweni sasa tunafika wekundu, mimi, Sayi, mtoto, na mama na kitenge chake, vumbi mpaka kwenye kope, na wanakijiji wanatucheka kuanzia mbali. Mama mkwe anatoka na beseni la maji. Lakini kabla hajampa mama yangu anawe, kwanza anampitishia kidole shavuni, analitazama lile vumbi, ndipo anapopiga kigelegele.