Kifuniko cha Chupa ya Zambarau

Juzi sokoni Ruangwa nilimkuta mama mmoja anauza zambarau kwenye beseni, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwetu Kiegei, nilipokuwa mtoto.

Mdogo wangu Agnesi alikuwa anaumwa kifua. Dawa zilikuwa chungu, alizitema zote, ila Mama akizichanganya na jemu ya zambarau aliyofundishwa kupika na masista wa parokia. Na msimu ulikuwa unaisha. Basi mchana ule Mama alipika bila kupumzika, sufuria inatokota, moshi unamliza. Alimimina jemu ya moto kwenye chupa alizozichemsha, akakaza vifuniko mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mbona unakaza hivyo, Mama?"

"Hewa ikiingia tu, imeharibika."

Nilikwenda chumbani. Agnesi alikuwa amelala, kifua kinakoroma. Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga. Leo najua kifua kile kilitaka hewa kuliko kitu kingine chochote.

Mama aliusukuma mlango, akaona, akakimbilia dirisha kulifungua. Nilijua nitachapwa.

"Nilitaka asiharibike," nikasema.

Akakaa sakafuni, vidole vimejaa rangi ya zambarau. "Mwanangu, kifuniko cha mtu ningekuwa nacho, si ningeshakikaza?"

Agnesi hakumaliza hata chupa ya kwanza. Tulipotoka makaburini, shangazi alifungua nyingine atupakie kwenye mkate. Kifuniko kikatoa pumzi ndogo. Jemu ilikuwa nzima, haijaharibika hata kidogo.