Mtutu Aliouhifadhi Fundi Mhanna

Saa tatu asubuhi soko la Sinaw, huko Oman, limeshachangamka. Nje mbuzi wananadiwa na wanunuzi wanaapa kwamba hawarudi tena. Ndani ya duka la fundi Mhanna bin Zahir kazi imeshaanza. Bunduki ya zamani ya vita imebanwa kwenye jiliwa, katikati ya vibao viwili vya mkunazi vilivyovikwa ngozi, na fundi anauzungusha mtutu mpya kwa mkono, polepole, uingie kama skrubu kwenye mwili wa bunduki.

Mtutu unagoma.

Fundi anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kilemba, anaivaa tena. Kuna mstari mwembamba juu ya mtutu na mwingine kwenye mwili wa bunduki. Mkono ukifika mwisho, mistari hiyo inatakiwa ibakize nafasi ya punje ya mchele tu, spana imalizie. Leo imebaki nafasi ya kidole gumba.

"Umekutazama usoni ukakukataa," anasema Marhun bin Khalfan, mwenye bunduki, akimenya tende mkekani.

"Mtutu una akili kuliko mimi niliyekualika harusini," fundi anamjibu bila kugeuka.

Harusi hiyo ndiyo chanzo cha yote. Mwezi uliopita Mhanna alimwoza mwanawe Yaarub. Bunduki ya kupamba sherehe hakuwa nayo, basi akaazima kwa Marhun, rafiki yake tangu walipokuwa wakichapwa pamoja chuo cha Kurani. Marhun alimpa ile aliyorithi kwa babu yake, yenye pete za fedha kwenye mti wake, ambayo huitumia kushindania shabaha kila Idi.

Dada yake fundi, Bi Ghaliya, ndiye aliyesimamia manukato. Alifukiza udi vilemba, akafukiza mito, akafukiza mpaka viti vya gari la bwana harusi. Kisha akaiona bunduki imeegemea ukutani. Akachovya pamba kwenye mafuta ya udi, akaisokomeza mdomoni mwa mtutu kwa kidole, ikazama. Kwake hilo lilikuwa pambo, kama pamba yenye attari ambayo wazee huiweka sikioni siku ya Ijumaa.

Wanaume walipojipanga kuimba na kurusha panga, mpwa mmoja akaipokea bunduki na kufyatua juu. Risasi ikaikuta pamba njiani.

"Moshi ulinukia vizuri sana," anakumbuka Marhun. "Watu wakasema mashaallah. Mimi nikaona mtutu umevimba kama koo la mtu aliyemeza kokwa."

Hakuna aliyeumia. Aibu tu ndiyo iliyomwangukia fundi, maana kila mteja anayeingia dukani kwake huambiwa, kabla hata ya salamu kwisha, "Umetazama mdomo wa bunduki?" Siku hizi wateja humwahi. Wanaingia wakimuuliza wao.

Bi Ghaliya, aliyepita dukani na birika la kahawa, hana la kujutia. "Wewe fundi mzima, bunduki imekaa nyumbani kwako tangu asubuhi. Hukuitazama. Mimi nifanye nini, nikutazamie na macho?"

"Nilikuwa namwoza mwanangu, dada."

"Basi na mimi nilikuwa nanukisha!"

Kazi ya bunduki haimlishi Mhanna. Mitutu anayobadilisha haizidi mitatu kwa mwaka, kila mmoja na kibali chake cha polisi. Mkate wake unatoka kwenye ala za jambia na fimbo za kuvisha fedha. Kazi hii aliifundishwa na baba yake, marehemu Zahir, mtu mfupi aliyelazimika kupanda juu ya sanduku ili aifikie jiliwa.

Bunduki ya Zahir inaning'inia ukutani, juu ya kichwa cha fundi. Haina mtutu. Wadi, ule mto mkavu, ilifurika ikaingia nyumbani, bunduki ikakaa matopeni hadi mtutu ukaliwa na kutu. Miaka tisa iliyopita Mhanna aliupata mwingine, haujawahi kutumika, umezongwa karatasi na grisi, kwa fundi mmoja wa Nizwa aliyekuwa akifunga duka. Akaujaribu kwenye bunduki ya baba yake, ukakaa kama umezaliwa hapo. Akasema atatengeneza kwanza pete za fedha, ndipo aukaze. Pete zikawa za kesho kila siku.

Huo ndio mtutu ulio mkononi mwake sasa. Hana mwingine.

Ili ukae kwenye bunduki ya Marhun, lazima ukwanguliwe bega, pale unapokutana na mwili wa bunduki. Na ukishakwanguliwa, kwa Zahir hautakaa tena. Utapita mstari, na kilengeo kitaangalia pembeni.

Marhun anayajua hayo. Anaacha tende. "Mhanna, weka tupa chini. Idi nitaazima ya shemeji."

"Uliniazima nzima au mbovu?"

"Ule ni wa mzee wako, bwana."

"Mzee wangu angenichapa kwa kurudisha kitu cha watu kimevimba. Nyamaza, nifanye kazi."

Anapaka masizi begani mwa mtutu, anauzungusha, anautoa, anatazama masizi yalipofutika, anakwangua hapo tu. Anarudia. Kahawa inapoa. Hatimaye mkono unagota na nafasi ni punje ya mchele. Anatia spana, anavuta kwa uzito wa mwili wote, na mistari inakutana.

Kisha vipimo, vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Cha kwanza kinaingia na komeo la bunduki linafunga. Cha pili, kirefu zaidi kwa unywele, komeo linakikataa. Lingekikubali, ganda la risasi lingeweza kumpasukia mpigaji usoni.

Alasiri wanakwenda bondeni. Bunduki inafungwa kwenye tairi la lori na kufyatuliwa kwa kamba kutoka nyuma ya mwamba. Hakuna kilichopasuka. Ndipo Marhun analala kifudifudi na kulenga kigae cheupe ng'ambo. Kigae kinaruka vipande.

Marhun anainuka, anajikung'uta mchanga. Anafungua gari na kumtupia fundi ule mtutu uliovimba. "Chukua takataka za dada yako."

Mhanna anaugeuza mkononi, anaupima kwa shibiri. Uvimbe uko karibu na mdomo. Nyuma yake chuma ni kizima.

Kabla ya magharibi bunduki ya Zahir imeshuka ukutani. Fundi anauzungusha ule mtutu kwa mkono, anainama, anatazama mistari. Umepita mstari, kama alivyotarajia. Pete nyembamba ya chuma begani itaurudisha. Mdomo utakatwa chini ya uvimbe.

"Itakuwa fupi," anasema Marhun.

"Baba naye alikuwa mfupi."

Anapanga kuimaliza kabla ya harusi ya binti yake, baada ya mavuno ya tende, na pete za fedha ameshaanza kuzifua. Na pamba?

"Itakuwepo," anasema Mhanna. "Dada atagawa mlangoni. Kila mgeni ya masikio yake mawili, na itakayobaki anirudishie mimi mkononi."