Mwalimu Conjesta na Namba Inayojizungusha

Mwalimu Conjesta hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Wanafunzi aliowafundisha hesabu Njombe sasa ni watu wazima wenye vitambi, na hadi leo wakimwona sokoni Makambako wanaficha mikono nyuma. Lakini tangu astaafu, akahamia Lyamkena na mumewe Linus, kitu kimoja kilimkosesha raha: kusahau.

Mama yake mzazi, kule Yakobi, alianza kwa kusahau chumvi. Baadaye akasahau njia ya kanisani. Siku moja akampokea Conjesta mlangoni kwa heshima zote: "Kamwene, binti. Wewe ni wa nani?" Conjesta aliitikia salamu, kisha akaenda kulilia jikoni.

Kwa hiyo kila asubuhi, akimenya viazi, alijipima kwa namba aliyokuwa akiwashangaza nayo wanafunzi: 142,857. Izidishe kwa mbili, unapata 285,714. Kwa tatu, 428,571. Tarakimu ni zile zile, zinafuatana vile vile, zinapokezana tu kukaa mbele, hadi ufike sita. Ukizidisha kwa saba mchezo umekwisha, ni tisa tupu: 999,999. Akifika hapo bila kukwama, anashusha pumzi. Bado nimo, anajiambia.

Ubaya wa mtu mwenye akili ni kwamba hawezi kujidanganya akadumu. Asubuhi moja ya baridi kali kisu kilimganda mkononi. Namba inayojizungusha hivyo haidai hesabu. Ukijua tarakimu ya kwanza, nyingine zinakuja zenyewe. Hata kasuku angezifikia hizo tisa. Sasa siku zote hizi alikuwa anapima nini? Hofu ikamshika.

Linus alikuwa akipepea mkaa. Alimtazama, wala hakuuliza kilichomsibu.

"Mama Erica," alisema, "izidishe kwa nane."

Kwa nane! Hapo duara linakatika, lazima mtu ahesabu. Conjesta akafumba macho. Nane mara saba, hamsini na sita. Andika sita, beba tano. Akaenda hivyo, tarakimu kwa tarakimu.

"Milioni moja, mia moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na sita," alisema. Kisha akafumbua macho. "Na ile moja ya mbele ukiitoa, ukaijumlisha na zilizobaki, unaipata namba yetu ile ile. Umeona, Baba Erica? Akili ninayo." Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe dawa ulikuwa nayo. Mbona hukuniuliza siku zote hizo, ukaniacha nihangaike?"

Linus aliweka chini kipepeo cha mkaa.

"Nilikuuliza jana," alisema taratibu. "Ulipatia. Na juzi ulipatia. Ukacheka hivyo hivyo."

Conjesta akaitafuta jana, kuanzia asubuhi yake, na hakuiona.