Nafasi Kati ya Pigo na Pigo

Mama Uzi hakuwa na mtoto. Jina hilo alibandikwa kazini, mwaka wake wa pili, na mwenzake mmoja aliyesema kwamba mwanamke anayeuamkia uzi alfajiri, akaubembeleza mchana kutwa na kuulilia ukikatika, basi aitwe mama yake. Likamganda. Hata mdogo wake wa tumbo moja, aliyeishi naye, akikasirika alimwita hivyo hivyo.

Uzi wenyewe ulikuwa wa dhahabu, lakini usiutamani. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele; ukianguka sakafuni, usahau. Kazi ya Mama Uzi ilikuwa kuuunga ndani ya kifaa kisichozidi punje ya haragwe, ambacho madaktari hukipachika kwenye moyo wa mgonjwa. Kifaa hicho husikiliza moyo, ukisita huushtua, kisha hutuma habari kwa daktari kwa mawimbi ya redio. Vile vya kuuzwa huungwa na mashine. Vya majaribio, ambavyo wahandisi huvichora leo na kuvifuta kesho, huungwa kwa mkono chini ya hadubini, na mkono huo ulikuwa wa Mama Uzi kwa miaka kumi na tisa.

Sasa, chini ya hadubini ile hakuna mkono unaotulia. Kila moyo ukidunda, damu hufika kwenye ncha ya kidole na sindano inayoushika uzi huruka. Ndiyo maana mgeni chumbani mle hapewi uzi kwanza. Hukalishwa kitini, akaambiwa aweke vidole viwili shingoni na kusikiliza: pigo, nafasi, pigo, nafasi. Ncha ya kwanza ya uzi unaishusha penye nafasi. Unangoja pigo lipite. Ncha ya pili unaishusha penye nafasi inayofuata. Asiyeweza kungoja hupelekwa kufunga maboksi, na huko hupata rafiki wengi.

Mama Uzi alikuwa amechoka kungoja. Alichoka na barakoa, alichoka na ovaroli nyeupe iliyomfanya aonekane gunia la unga lenye miguu. Jioni shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Lakini kazi nyingine hakuijua, na hii aliijua kuliko yeyote aliyewahi kukutana naye. Jambo hilo lilimpa kiburi, nacho alikificha vizuri.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu nafasi zianze kumpiga chenga. Pigo, nafasi, halafu mapigo mawili kwa pupa, na uzi unakatika. Akailaumu miwani. Akailaumu chai, akaiacha, akabaki na kichwa kinachouma na uzi unaokatika vile vile.

“Saba leo, Mama Uzi,” alisema msimamizi wake, mtu mpole asiyejua hata kugomba.

“Nimehesabu, bosi. Usinisaidie.”

Alipokwenda hospitali, daktari alimpima, akakunja uso, akasema anahitaji kuwekewa kifaa, na asikawie.

“Wala usiogope, mama. Ni kidogo tu, mfano wa—”

“Nakijua, daktari. Nakijua mpaka utumbo wake.”

Daktari alicheka. Yeye hakucheka. Kwenye mlango wa chumba chao cha kazi palikuwa na bango: mwenye kifaa mwilini haruhusiwi kuingia. Mitambo ya kupimia mawimbi mle ndani ingeweza kukivuruga. Hapakuwa na uonevu wowote. Yeye mwenyewe aliwahi kuwarudisha mlangoni mafundi wawili, tena kwa ukali. Kwa hiyo ilikuwa ama moyo, ama kiti chake.

“Dada, utaanguka,” mdogo wake alimwambia wakiwa jikoni.

“Kazi yangu ya kukaa. Nitaanguka kutoka wapi?”

“Usinifanyie mzaha. Mimi sina mwingine. Kubali.”

“Nimalize vifaa vya mwezi huu kwanza.”

“Halafu?”

Mama Uzi akaendelea kusugua sahani iliyokwisha takata. Kisu cha daktari hakikumtisha. Alichoogopa ni kuamka asubuhi, akautazama mkono wake, asijue ni wa nini.

Jumanne, muda mfupi kabla ya mapumziko ya asubuhi, alishusha ncha ya kwanza. Akangoja pigo. Halikuja. Sindano ilikuwa imetulia tuli, utulivu ambao hakuwahi kuuona miaka yote ile, na mazoea yakautuma mkono: nafasi hiyo, ishike. Akashusha ncha ya pili bila kungoja chochote. Uzi ukakaa pale kwa upinde mzuri usio na doa. Akafurahi. Ndiyo, kwanza alifurahi. Kisha kingo za kioo cha hadubini zikaingia weusi, meza ikazunguka, na kifuani kikapigwa kishindo kimoja kama teke la punda. Sindano ikaruka. Akashika meza kwa mikono miwili, akahema.

Msimamizi alikuwa ametumbulia macho skrini inayoonyesha kazi ya kila fundi. Alikuja mbio.

“Mama Uzi! Miaka yote sijaona uzi uliokaa hivi. Umefanyaje?”

“Moyo umesimama.”

Msimamizi akacheka. Alipomwona usoni, kicheko kikamkauka.

“Nikuletee maji?”

“Nishike mkono tutoke.”

Walitoka polepole, yeye amemwegemea. Kwenye benchi la nje alivua glavu moja. Ya pili ikamshinda, msimamizi akamvua.

“Mpigie mdogo wangu,” alisema. “Mwambie nimekubali.”

“Umekubali nini?”

“Kuacha kazi,” alisema Mama Uzi, na hapo ndipo alipolia.