Kinorwe cha Jikoni kwa Nesi

Juzi nilikuwa nyumbani Kimulot, nimeketi jikoni nikimenya viazi, nikasikia msichana wa dada yangu akiongea peke yake barazani. Melk. Brød. Vann. Simu inatamka, naye anafuatisha. Amemaliza kusomea uuguzi na anataka kwenda Norwe kutunza wazee, na huko lazima kwanza ajue lugha yao. Bila hata kufikiri, nikamwambia kutoka jikoni kwamba hiyo brød, yaani mkate, hajaitamka sawa. Alikuja mlangoni akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akifungua lango.

"Anti, hiyo umetoa wapi?"

Basi nikaacha viazi nikamsimulia, na wewe pia rafiki yangu, vuta kiti.

Upande wa chini wa shamba letu la chai kulikuwa na nyumba ndogo ya mbao. Hapo aliishi Nesi, Mnorwe aliyekuja zamani kufanya kazi kwenye zahanati ya misheni. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki. Mikono yake ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa, kama ilivyompokea mama yangu. Alikunywa kahawa katikati ya chai yote ile, jambo ambalo nyanya yangu, kogo kama tunavyosema kwetu, hakumsamehe kamwe. Hata hivyo kila asubuhi kabla ya shule kogo alinituma kwake na maziwa, siku nyingine yakiwa freshi, siku nyingine mursik, yale maziwa lala ya kwenye kibuyu yenye harufu ya mkaa. Nilipita katikati ya michai iliyolowa umande, nikafika miguu imekufa ganzi, nikakuta moto wa kuni na kipande cha mkate kilichopakwa jamu.

Shuleni nilikuwa naogopa Kiingereza. Aliyeteleza akaongea Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa kibao cha aibu shingoni, na mwalimu alikuwa na macho kila kona. Nesi ndiye aliyenitoa woga. Kioo cha dirisha lake kilikuwa na ukungu kila asubuhi, naye aliandika hapo kwa kidole, neno lake upande mmoja, la mwalimu upande wa pili. Hus na house. Bok na book. Regn na rain. Kald na cold, ambalo Kimulot halina haja ya kufundishwa. Aliniambia kwamba watu wa kwao zamani walivuka bahari wakawavamia Waingereza, wakapigana, halafu wakaoa huko huko wakatulia, na maneno yao yakabaki ndani ya nyumba za watu. Hata window lilitoka kwao, na wazee wake waliliita jicho la upepo. Sky nalo ni lao, ila kwao ni wingu, si anga. Mimi sikuona tofauti, maana asubuhi ukungu wa msitu wa Mau ukishuka, wingu na anga kwetu ni kitu kimoja.

Nikaanza kuona Kiingereza kama binamu wa mtu anayenipa mkate na jamu. Hofu ikaisha.

Kisha Nesi akaanza kupoteza maneno. Kiswahili kilitangulia, kikafuata Kipsigis chake kidogo, kikafuata Kiingereza. Nilipofika darasa la sita alikuwa amebaki na Kinorwe peke yake. Akina mama wa kanisa walikuja wakamwombea, wakaondoka wakinong'ona kwamba amepotea. Mimi niliendelea kupeleka maziwa na kuongea naye kwa Kinorwe kile cha dirishani. Nikikosa neno nilichukua la Kiingereza nikalipindisha kwa sauti yake. Mara nyingi lilikubali, na lilipokataa alicheka mpaka akafuta machozi.

Siku moja mpwa wake alikuja kutoka Norwe kumchukua. Tulikusanyika nyumbani kwa Nesi, na mwalimu wetu akatafsiri Kiingereza cha huyo kijana. Kijana alisema shangazi yake hajamjibu neno tangu afike, hamtambui, na hapa hana mtu wa kuongea naye. Afadhali apelekwe kwao, kwenye nyumba ya wazee.

Kogo alishusha kikapu chake cha majani chai. "Mwambie huyo kijana, huyu mama amekunywa maziwa yangu miaka yote. Mtu akikunywa mursik yangu, yeye ni wa hapa. Na hii mtoto huongea na yeye kila siku. Wacha aongee, huyo kijana asikie."

Wote wakanigeukia. Nilijua nikishindwa, Nesi anaenda. Maneno yote yalinitoka kichwani, kwa hiyo nikafanya nilichozoea kufanya: nikamimina maziwa kwenye kikombe chake nikamwekea mikononi.

"Melk, Nesi."

Akainua uso. "Er det kaldt ute?" Aliniuliza kama nje kuna baridi.

"Ja," nikasema. "Det er kaldt. Det regner." Kuna baridi, na mvua inanyesha.

"Sitt her." Hilo hata wewe umelisikia. Nikaketi, naye akaanza hadithi ndefu ya ng'ombe wa utotoni mwake ambayo nilishika nusu tu. Mpwa wake alikaa chini. Baadaye aliniuliza jambo refu kwa Kinorwe, sikuelewa chochote, nikamwambia hivyo, akacheka huku macho yamejaa maji. Alikaa nasi mpaka Jumapili. Aliporudi kwao, alirudi peke yake.

Nesi alifia kwetu na tukamzika kwetu. Kogo naye ameshaondoka. Nyumba ya mbao ilibomolewa, pale palipokuwa na dirisha sasa ni chai tupu. Kiingereza kilichonisomesha mpaka nikapata kazi kilipitia kwenye kioo kile, na namshukuru Nesi kila nikikumbuka. Namshukuru kogo pia, aliyenituma hata siku nilizonuna.

Msichana aliniuliza atamwambia nini mzee wa huko asiyemjua. Nikamwambia ampe kwanza kikombe cha moto akishike, halafu amuulize kuhusu baridi.

Alienda mekoni akamimina chai, akaniwekea kikombe mikononi. "Er det kaldt ute, anti?"

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Tangu Nesi afe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.