Shamba la Matunda la Ureno

Mama yangu ni muuguzi, ni shemasi kanisani, na pua yake hunusa pombe kuanzia kituo cha basi cha pili. Kwa hiyo mwalimu wa jiografia alipotangaza kwamba mwezi ujao darasa letu litazuru shamba la mvinyo kusini mwa Ureno, nilifika nyumbani nikasema tunaenda shamba la matunda. Kwani zabibu ni mboga? Niliitaka hiyo safari mpaka nikaanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Mama akaingiwa na wasiwasi, akanipima joto.

Kabla hajatoa ruhusa, mwalimu alinipa kazi ya kumhoji mwenye shamba kwa video. Nikaketi jikoni kwetu mtaa wa Acocks Green, huku Uingereza, laptopu mezani, mama nyuma yangu akikatakata sukuma wiki aliyoichuma uani. Mwenye shamba, mzee mmoja, akatokea kwenye skrini na kofia ya ukili, jasho linamtiririka, mizabibu imejipanga nyuma yake. Akasema asili ya mizabibu ile ni Ujerumani kwenye baridi, naye ameipanda mahali ambapo unaweza kukaanga yai juu ya trekta. Majirani walikuwa wakipita makusudi kumcheka. Nilichangamka nikasahau maswali yote ya mwalimu. Huyu mzee alikuwa mtundu kunishinda! Halafu, kunionyesha matokeo, akainua glasi ya mvinyo.

Kisu kikanyamaza.

"Hayo ndiyo matunda?" mama akaniuliza kwa Kiswahili.

"Ni matunda, Mama. Yameiva kupita kiasi tu."

"Hebu toka hapo."

Akakalia kiti changu. Nikajua safari imekufa. Lakini macho yake hayakuwa kwenye glasi. Akamuuliza mzee, kwa kile Kiingereza chake cha kuwaambia wagonjwa wavue shati, mbona upande mmoja wa mizabibu una majani tele na mwingine yamepunguzwa. Mzee akaeleza: upande wa jua la alasiri majani hufunika vichala visiungue, upande wa asubuhi anayapunguza hewa ipite.

"Eeh," mama akaitikia, kama yuko ibadani. Akabeba laptopu hadi dirishani, akamwonyesha sukuma wiki yake na mapazia yetu ya zamani anayoifunika nayo baridi ikija. "Hata mimi walinicheka. Jirani aliniambia haitamaliza Novemba."

Wakaongea mbolea, wakaongea konokono, mimi nimesimama kama mgeni kwetu, mpaka mzee akaitwa shambani.

Mama akafunga laptopu. "Utaenda. Uniletee picha za hayo majani, pande zote mbili. Na ukionja hata tone, nitajua."

"Utajuaje, na niko Ureno?"

"Kijana, mimi nafanya kazi wodi ya maini. Nitakuangalia macho tu."

Nikapanda ngazi kwa kuruka, nikaanza kupakia kaptula.