Wimbo wa Awinja na Pikipiki Inayoanguka

Andati wa Khayega alijua nyimbo nyingi za shiriri, lakini aliotunga mwenyewe ulikuwa mmoja tu. Shiriri ni uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde, na ngozi ya kenge ndiyo inayoutolea sauti. Wimbo huo aliutunga wakati binti yake Awinja alipokufa akiwa na miaka minne. Mfupi, ukivuta pumzi mara tatu umeisha. Unapanda kidogo, unasita kama mtoto aliyeitwa akageuka, kisha unateremka hadi chini kabisa na kukaa huko.

Dinah, mkewe, ndiye aliyekuwa akiuomba. "Siku nikienda," alimwambia mara nyingi, hata mbele yangu nilipopita kuwanolea mapanga, "usiniletee spika za kukodi. Unipigie ule wa mtoto, nijue njia aliyopita."

"Nitakupigia," Andati alikuwa akijibu. Basi ilikuwa ahadi.

Mwaka juzi akaja msichana aitwaye Mitchel, mjukuu wa jirani, anayesomea kompyuta. Alikuwa anatengeneza gemu ya simu. Mtu wa boda boda anabeba abiria, anakwepa ng'ombe, mashimo na trekta za miwa. Alitaka muziki wa huku kwetu.

"Kuka," alimwambia Andati, maana ndivyo babu anavyoitwa huku, "muziki wa gemu si kama wa redio. Wa gemu mtu anausikia mara mia kwa siku, na kila mara moyo wake umeruka. Kwa hivyo uwe mfupi, usichoshe."

Nilikuwepo, nikadakia kwamba mimi ninaoukumbuka ni wa ile gemu ya matofali, ya plastiki, iliyokuwa ikiuzwa sokoni zamani. Ilikuwa ikilia matofali yakijaa, na mpaka leo nikiona ukuta unajengwa naisikia.

Mitchel akacheka. "Mimi ule wa gemu ya mpira, ukichagua timu. Nikiusikia, vidole vinaanza kutafuta kitu. Unaona, mzee? Hatukumbuki wimbo. Tunakumbuka kile kilichokuwa kinatupata ukilia."

Niliyapenda maneno hayo. Nilitembea nayo mpaka Khwisero nikiyarudia.

Lakini kabla sijaondoka, alimwomba Andati, "Sasa nipigie ule unapiganga mtu akimaliza."

Kwa Mitchel, kumaliza ni kushinda, abiria amefika. Kwa Andati, aliyezeeka akipiga matangani, mtu aliyemaliza yumo ndani ya sanduku. Akampigia wa Awinja. Mitchel alisikiliza hadi mwisho, simu ikinasa.

"Huu si wa kushinda," akasema. "Huu ni wa kuanguka kabisa. Lakini ni mtamu ajabu! Niutumie?"

Andati aliona haya kwa kusifiwa, akasema tumia. Hakumwambia wimbo ni wa nani, na Mitchel hakuuliza.

Gemu ikaenea kama moto wa majani ya miwa. Kila pikipiki ikianguka, shiriri inalia, halafu sauti inasema: "Umeanguka! Jaribu tena!" Haikuchukua miezi mitatu, Khayega nzima ikawa inauimba kwa pua. Mtu akimwaga chai, nyiii-nyi-nyiii. Mwanafunzi akifeli, nyiii-nyi-nyiii. Andati akipita stendi, vijana wa boda boda wanashika vichwa.

"Mzee Andati, usinipigie! Niko na abiria!"

"Wacha nishuke kwanza, buda, ndio upige!"

Yeye mwanzoni alifurahi, akawapungia mkono. Dinah hakufurahi.

"Wanamcheka mtoto wangu."

"Hawamjui, mama. Ni mchezo tu."

"Na utawaambia lini?"

Hakuwaambia. Nadhani alipenda kujulikana, na sina moyo wa kumlaumu kwa hilo.

Mwezi wa nne Dinah akafa, presha. Watu walijaa, kwani boda boda zote za stendi zilisindikiza gari kutoka mochari. Sanduku lilipokuwa juu ya kamba, Andati alisimama na shiriri yake, koti limempwaya, akaanza.

Wimbo ulipanda kidogo. Ukasita.

Kicheko cha kwanza kilimpasukia mtu puani, mtu aliyejitahidi kukizuia, niliona. Kikahamia kwa wa pili. Mama mmoja wa kwaya alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimruka. Protus, kifungua mimba wa Dinah mwenyewe, alikuwa ameshika kamba upande wa kichwa. Aliuma midomo, machozi yakimtoka, na bado kicheko kikamshinda. Kamba ikamteleza. Sanduku likainama, likagonga ukingo wa kaburi.

"Umeanguka!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye pikipiki.

Na umati, bila kupanga, kama unavyoitikia sala, ukajibu: "Jaribu tena!"

Nilikuwa nimesimama kando ya kwaya. Sikucheka, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuitikia.

Mhubiri alimgusa Andati bega. "Mzee, kaa kidogo, tumalize." Andati akakaa. Sehemu ile ya kuteremka haikupigwa. Dinah alishuka na nusu ya wimbo, kwa koleo na vumbi, na watu walikula obusuma, ugali wa huku kwetu, wakiwa bado wanapanguza macho.

Nilipopita tena mwezi wa nane, Protus aliniambia kwamba baba yake anaitwa sana siku hizi, harusi na sikukuu za kuzaliwa, apige ule ule mmoja. Na yeye anaenda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na kaburi. Nikamwambia, "Tuko wawili tu. Mmalizie sasa, atasikia."

Alichukua shiriri. Ulipanda, ukasita, ukateremka, na safari hii alifika chini kabisa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anawataja, Dinah na mtoto. Nikasogea.

"Jaribu tena," alikuwa anasema. "Jaribu tena."

Akaweka upinde chini. "Hata mimi," akaniambia. "Nikifika pale pa kuteremka, namtafuta Awinja, naona pikipiki."

Kisha akainuka kuniletea kisu cha jikoni, kwa kuwa hicho ndicho nilichokuwa nimeitiwa kunoa.